Mwambao Upi?

Kicheko cha baba yake ndicho kilichomtisha Restituta siku ile. Mzee Kassiani hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Pale kijijini Kasokola watu walimjua kwa mambo mawili, karanga zake na ukimya wake, na ukimsikia anacheka ujue kuna harusi au kuna mtu kaanguka na baiskeli. Jumamosi hiyo alikuwa anacheka tangu wageni walipoingia. Kila alipocheka, Restituta, aliyekuwa jikoni akikoroga mchuzi wa migebuka, alisahau mwiko.

"Resti, mchuzi unakauka," alisema mama yake, Yustina.

"Ndiyo, mama."

"Ndiyo mama nini? Ongeza maji. Mtoto huyu leo ana nini? Kuposwa siyo kuugua."

Restituta akaongeza maji. Migebuka ile baba yake aliifuata mwenyewe sokoni Mpanda mjini, kwa wachuuzi wanaoileta kutoka Ikola, ziwani. Alisema wakwe wa mwambaoni wale chakula cha kwao wasijione wageni. Na hapo ndipo palipokuwa na sumu yote, kwenye neno hilo moja, mwambaoni.

Ukimwambia mtu wa Mpanda "mwambaoni," hata umwamshe usingizini, atakuonyesha upande wa Ziwa Tanganyika. Atakutajia Ikola na Karema, atakwambia gari linaondoka saa ngapi. Manyanda, kijana wa Kisukuma kutoka Sibwesa, alifanya kazi hukohuko Ikola miaka minne, akitengeneza injini za boti. Wakati huo ndipo alipoanza kumletea Restituta ovaroli ya kushona, kwenye cherehani yake pale sokoni. Mara ya kwanza goti lilichanika. Mara ya pili kiwiko. Mara ya tatu Restituta alitazama ule mchaniko, akaona umenyooka kama rula.

"Hii umeikata na mkasi," alimwambia.

"Nimeikata," Manyanda alikiri. "Ningekuja na sababu gani tena?"

Mapenzi yao yalianzia hapo. Kisha ziwa likafungwa kwa miezi kadhaa ili samaki wapumzike, injini zikalala, na mafundi wakalala nazo. Manyanda akapata kazi Dar es Salaam, Kigamboni, kwenye karakana ya boti. Alipotaka kuposa alimpigia simu mshenga wake, Bwana Venansi, akamwambia aandike kwamba binti ataolewa na kwenda kuishi pwani. Venansi, mwalimu mstaafu anayependa Kiswahili chake kivae tai, aliona "pwani" ni neno la kuzungumzia tu, siyo la barua. Akaandika "mwambaoni."

Siku barua iliposomwa, Restituta alikuwa nyuma ya mlango. Alimsikia baba yake akipiga paja. "Mwambaoni! Kumbe hapo Ikola tu! Mwambieni kijana nimekubali." Restituta alikuwa na nafasi ya kutoka na kusema. Hakutoka. Wiki tatu zikapita na neno lile likawa limemkaa kooni kama mwiba wa samaki.

"Eti mkwe," sauti ya baba yake sasa ilipita kwenye pazia la sebuleni, "huko kwenu mwambaoni samaki wapo siku hizi?"

"Wapo baba, ila bei yake haishikiki." Hiyo ilikuwa sauti ya Manyanda, changamfu, haina habari.

"Bei? Samaki wa hapo mlangoni?"

"Ndiyo maajabu yake. Maji unayaona, samaki humpati."

"Na migebuka je?"

"Migebuka hamna kabisa, baba. Kule tunakula vibua."

Vibua ni samaki wa baharini. Mwiko ulisimama mkononi mwa Restituta.

"Vibua," mzee alirudia taratibu. "Vibua ndiyo samaki gani?"

Venansi alikohoa kama mtu aliyepaliwa. "Majina ya vijana tu hayo, mzee. Siku hizi kila kitu wanakibatiza."

Baba akacheka tena. Restituta akauachia mfuniko wa sufuria kwa makusudi, ukaanguka sakafuni na kuzunguka kwa kelele. Manyanda aliyafahamu mambo ya Restituta. Baada ya dakika mbili aliomba njia ya kwenda uani.

Walikutana nyuma ya bafu la matete, penye kinu. Miezi saba hawakuwa wameonana ana kwa ana, tangu alipokuja likizo. Manyanda alikuwa amekonda kidogo, na shati lake jeupe lilimkaa vizuri mabegani, na macho yake yalikuwa yaleyale ya mwenye kukata ovaroli kwa mkasi. Restituta alitamani amshike tu uso akae kimya. Badala yake alisema kwa kunong'ona, "Baba anadhani tunaenda Ikola."

"Ikola ipi?"

"Ikola ya ziwani! Barua ilisema mwambaoni."

"Mimi nilimwambia Venansi aandike pwani."

"Yeye akaona pwani haina heshima."

Manyanda akakaa juu ya kinu. Uchangamfu ulimtoka wote. "Na wewe ulijua?"

"Nilikuwa nyuma ya mlango."

"Wiki tatu, Resti! Kila siku tunaongea. Unaniuliza joto likoje, unaniuliza maji yanatoka siku ngapi kwa wiki. Ukashindwa kuniambia mzee hajaelewa?"

"Niliogopa. Ningekwambia ungemwambia. Ukimwambia, anakataa."

"Basi labda ana haki ya kukataa!" Alisema kwa sauti, kisha akaishusha. "Resti, kule siyo mchezo. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mpigo, hataki hadithi. Mchicha unanunua, ndimu unanunua, maji ya kunywa unanunua. Hata ukisimama kwenye kivuli cha duka wanakuuliza unahitaji nini. Joto lenyewe unaoga, unajifuta, unatafuta ndoo tena. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mwaka mzima huu, simjui jina."

"Sasa mbona hurudi?"

Manyanda aliangalia mikono yake. "Kwa sababu mwezi ukiisha nalipwa, ziwa lifungwe lisifungwe. Na injini zinazoletwa pale, Resti, nyingine sikuwahi kuziona hata kwenye picha. Nikiifungua moja, nikaifunga, ikawaka, nakwenda kulala nacheka peke yangu."

"Mimi nataka hivyohivyo," Restituta alisema. "Unafikiri nakufuata wewe tu? Ulinitumia picha ya gauni la harusi kwenye duka la Kariakoo, lile lenye shanga kifuani. Nimelikuza mpaka simu ikazima. Miaka sita nashona sare za shule, najua kiuno cha kila mtoto wa Mpanda. Nataka kujua lile gauni wamelikataje. Naogopa Manyanda, naogopa mpaka silali. Lakini nataka."

Manyanda alimtazama kwa muda mrefu, namna ambayo mwanamke akitazamwa husahau sufuria jikoni. Kisha akayakwepesha macho.

"Kuna jambo sijakwambia."

"Una mtu?"

"Toka huko! Chumba. Nilikwambia kizuri, na ni kizuri kweli. Lakini kiko bondeni. Masika maji yanaingia ndani." Akagusa goti lake. "Mwaka jana yalifika hapa. Godoro nililifunga kwenye kenchi za paa siku tatu, nami nikakaa juu ya meza."

Ulikuwa mwisho wa mwezi wa tatu. Hata pale Kasokola mawingu yalikuwa yamekaa mkao wa kula. "Na mvua za huko zinaanza lini?" Restituta aliuliza, ingawa hakutaka jibu.

"Zimeshaanza."

"Restituta!" Baba yake aliita kutoka sebuleni. "Njoo, mwanangu. Wakati umefika."

Manyanda akainuka. "Mimi nitamwambia."

"Usiseme. Nakuomba." Alimshika mkono, mara ya kwanza siku ile, akaukuta wa baridi kama wake. "Ukisema wewe ataona umemdanganya. Nenda ukakae."

Sebuleni alikalishwa kwenye mkeka, kitenge kichwani, macho chini. Kwenye kochi alikaa Manyanda. Pembeni yake kulikuwa na baba yake mdogo, Mzee Malale, mfugaji mrefu aliyetoka Sibwesa na fimbo yake, na Bwana Venansi aliyekuwa akijifuta jasho wakati hakukuwa na joto. Mama Yustina aliingia, akakaa mlangoni.

"Kabla sijamuuliza," Mzee Kassiani alianza, "nina neno. Nyie mmeona lile tanuru la matofali nyuma ya shamba la karanga. Humu ndani wanadhani najenga ghala."

Restituta akainua macho. Wiki tatu alimwona baba yake akirudi na udongo mpaka kwenye nyusi. Alidhani ni ghala.

"Ni lenu," baba alisema. "Nimeongea na binamu yangu Regina pale Ikola. Ametoa kiwanja nyuma ya nyumba yake. Tofali zikipoa nazipakia, mnajenga. Ikola naondoka asubuhi, mchana nakula kwa mwanangu, jioni nalala kwangu." Akaitazama meza ya katikati ya sebule. "Mtoto wa kike humpeleki mahali ambapo akifa unamzika kwa simu."

Mama Yustina akafuta macho kwa pindo la khanga. Wote mle ndani walijua habari ya shangazi Dorika, dada yake Mzee Kassiani, aliyekwenda Dar es Salaam kufanya biashara ya vyakula na akafia huko. Kumsafirisha kulishindikana. Akazikwa kesho yake, na simu ikawekwa pale mezani, sauti ya juu, ukoo mzima umeizunguka. Restituta alikuwa binti wa miaka kumi na sita. Walimsikia padri, wakasikia wimbo, kisha wakausikia udongo.

"Mwanangu," mzee akageuka kwake, na sauti ikawa ya sherehe, kwa sababu binti huulizwa mara tatu mbele ya wazee. "Huyu kijana unamfahamu?"

"Namfahamu, baba."

"Posa yake tuipokee?"

"Ipokeeni, baba."

Mzee Malale akagonga fimbo sakafuni kwa furaha. Venansi akafumba macho kama mtu anayesali.

"Na umekubali kwenda kuishi naye huko mwambaoni?"

Neno la kujibu lilikuwa "ndiyo." Venansi alishamnong'oneza wiki iliyopita, pale sokoni, kwamba ndiyo hiyo haitakuwa uongo, maana hata Dar es Salaam ni mwambao, na mbele ya padri hakuna cha kuungama. Angejibu hivyo, chakula kingeletwa, na kesho Manyanda angepanda treni akiwa na mchumba. Siku ya kuondoka ingekuja na mambo yake. Lakini nyuma ya shamba kulikuwa na tanuru, na moshi wake ulikuwa bado unanuka kwenye shati la baba.

Akainua uso, akamtazama baba yake.

"Mwambao upi, baba?"

"Vipi mwambao upi?"

"Kuna mwambao wa ziwa, na kuna wa bahari. Barua haikusema." Machozi yalikuwa yameshafika, akayaacha. "Ni Dar es Salaam, baba. Mimi nilijua tangu siku ya barua. Nilikuwa nyuma ya mlango nikanyamaza."

Nje kuku aliyeponea siku hiyo alilia mara moja akanyamaza.

"Mzee," Venansi akajaribu, "kwa Kiswahili sanifu, mwambao ni..."

"Venansi, funga mdomo."

Manyanda alishuka kwenye kochi akapiga magoti. "Baba, kosa ni langu. Mimi nilidhani umejua."

Mzee Kassiani hakumtazama. Alikuwa anaitazama ile meza. Alipozungumza, sauti ilitoka ya chini sana, na Restituta aliiogopa kuliko kama angefoka. "Dada yangu yuko huko. Unajua?"

"Najua, baba. Nilimtafuta."

Restituta akageuka. Hilo hakulijua.

"Resti aliwahi kuniambia mtaa aliokuwa anakaa shangazi yake," Manyanda aliendelea. "Nikauliza wanazika wapi. Nimekwenda Jumapili tatu. Makaburi yamejaa, baba. Misalaba mingi imeanguka, mingine haina majina, na pengine wamezika mtu juu ya mtu. Sikumpata. Nikaona aibu hata kumwambia Resti."

Imekwisha, Restituta aliwaza. Ni mji gani ule, unaopoteza mpaka kaburi? Baba gani atampeleka mwanawe huko? Aliinamisha kichwa akasubiri kusikia wageni wakiambiwa waende zao, na samaki wao wameiva.

Mzee Kassiani akavua kofia, akaipakata mapajani. "Miaka tisa," alisema. "Watu wangapi wa ukoo huu wamekwenda huko na shughuli zao, wamerudi na mabegi. Hakuna aliyekwenda kumtafuta Dorika. Hata mimi." Akapangusa kofia isiyo na vumbi. "Posa siipokei."

Mama Yustina akashika kinywa.

"Siipokei leo, na sijaikataa. Venansi, chukua barua yako. Iandike upya. Andika Dar es Salaam. Ukiandika neno jingine lolote nakutoza mbuzi." Kisha akamgeukia Manyanda. "Unaondoka lini?"

"Kesho, baba. Na treni."

"Tunaondoka wote."

"Baba Resti!" mama alipiga kelele. "Wewe hata Tabora hujawahi kuivuka!"

"Basi nitaivuka."

"Huko utalala wapi?"

"Pale atakapolala mwanangu ndipo nitakapolala mimi. Kaburi tutalitafuta watu wawili, na hicho chumba nitakiona kwa macho yangu. Nikirudi ndiyo nitaijibu barua."

Mzee Malale akasema kwa Kisukuma jambo lililomfanya atikise kichwa mwenyewe. Restituta hakusikia. Alikuwa anamtazama Manyanda, na Manyanda anamtazama yeye, bado amepiga magoti, na mkono wake ulikuwa umekwenda wenyewe kwenye goti, palepale alipomwonyesha nyuma ya bafu kwamba maji yalifika. Kwa uoga ule walielewana bila neno. Wanyamaze tu wote wawili, wapate angalau kesho. Mvua huenda zikakatika. Huenda.

Lakini Restituta alishajua kunyamaza kunavyouma, na wiki tatu zilimtosha.

"Baba," alisema. Akasogea mbele kwenye mkeka. "Baba, usisahau buti zako za shambani."

"Buti? Nikalime lami?"

Manyanda ndiye aliyejibu. "Chumba kinaingia maji, baba. Wakati wa masika. Mwaka jana yalifika magotini."

Mzee Kassiani alimtazama kijana yule, akamtazama binti yake, kisha akatazama nje, kule ambako tanuru lilikuwa linafuka polepole chini ya wingu.

"Mama Resti," baba alisema, "lete buti zangu."

Mama akainuka.

"Lete na za Resti. Nikazipime kwenye hayo maji nione kama zitamkinga."

Restituta alimwahi mama yake mlangoni. Alikwenda uani mwenyewe, akaokota buti zake chini ya ghala, akazigeuza na kuzikung'uta udongo.